Anaitwa ‘mzito’ darasani? Mambo 7 ya kukagua kabla hujamtoa mtoto shule

Ripoti ya muhula imerudi nyumbani na mtoto wa darasa la nne ameshika nafasi ya tatu kutoka mwisho. Baba anafanya kazi kwenye karasha, mama anauza chakula jirani na mwalo. Jioni hiyo linasemwa neno ambalo wazazi wengi wa Geita, Katoro na Kahama wameshalisikia, au wameshalisema wenyewe: “Huyu shule haimwingii. Bora aje huku atafute hela.”

Katika ukanda wa dhahabu neno hilo linaweza kumaliza safari ya mtoto kwa siku moja. Machimbo hayaulizi cheti. Mtoto anaweza kupata hela ya siku kwa kubeba mawe, kuyaponda au kuosha mchanga kwenye karai, na akishaizoea hela hiyo, kumrudisha darasani ni kazi kubwa.

Hili si la kufikirika. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Lilihoji zaidi ya watu 200, wakiwemo watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi hiyo. Wengine walianza wakiwa na miaka 8 tu.

Kufeli kwa mtoto ni kama homa. Homa inaweza kuwa malaria, nimonia au kidonda kilichooza, na mzazi mwenye akili timamu hampi mtoto dawa ya kubahatisha. Anapima kwanza. Shule nayo ni hivyohivyo. Haya ni mambo 7 ya kukagua kabla ya kuamua kwamba mtoto “hana akili”.

1. Anauona ubao? Anamsikia mwalimu?

Anza na macho na masikio, kwa sababu ndiyo mambo rahisi zaidi kurekebisha.

Asiyeona vizuri hunakili kutoka kwa mwenzake, hukunja macho, husogeza daftari karibu na pua au hulalamika kichwa kinauma. Yeye mwenyewe hajui kama haoni. Anadhani kila mtu anaona hivyo.

Jaribu hivi: simama naye barabarani, mfunike jicho moja, mwambie akutajie kilichochorwa au kuandikwa kwenye kibao cha duka la ng’ambo. Kisha badilisha jicho. Ukiona tofauti na watoto wengine wa umri wake, nenda hospitali yenye kitengo cha macho.

Kwa masikio, simama hatua chache nyuma yake asikuone, mwite kwa sauti ya kawaida. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara si jambo la “atakua yataisha”. Yanaweza kupunguza usikivu, na darasani penye watoto wengi, anayesikia nusu huambulia nusu.

Watoto wenye ualbino wanahitaji kutajwa hapa. Karibu wote wana uoni hafifu, kwa sababu ile rangi wanayokosa kwenye ngozi inahitajika pia jicho linapojengeka. Uwezo wao wa akili ni sawa na wa wengine. Wakikaa mbele, wakiruhusiwa kuusogelea ubao na wakipata maandishi makubwa, wanakwenda vizuri. Shule ya Msingi Buhangija Jumuishi, Manispaa ya Shinyanga, imekuwa ikisomesha watoto wenye ualbino pamoja na wasioona na viziwi.

2. Anaielewa lugha ya darasani?

Vijijini Shinyanga na Geita, mtoto anaweza kufika darasa la kwanza akiwa na Kisukuma kizuri na Kiswahili cha kuokoteza. Mwalimu anauliza, yeye anakaa kimya. Anaandikiwa “hashiriki darasani”.

Njia ya kujua ni nyepesi. Mpe kazi ileile kwa lugha ya nyumbani. Akiweza kukusimulia hadithi ndefu kwa Kisukuma, kuhesabu ng’ombe na kurudisha chenji sahihi ya dukani, kichwa chake kipo sawa. Anahitaji muda na maneno. Ongea naye lugha zote mbili, wala usiache ya kwenu. Mtoto mwenye lugha ya kwanza imara hujifunza ya pili kwa urahisi zaidi.

Familia zinazohama kila ikitangazwa rashi mpya ziangalie na hili: mtoto aliyebadilisha shule tatu kwa miaka miwili ameruka masomo mengi. Anayo mapengo ya kuzibwa.

3. Herufi zinamsumbua kuliko vitu vingine?

Kuna watoto wenye akili ya kawaida, wengine kali kabisa, ambao ubongo wao hupata shida kuunganisha herufi na sauti. Hali hiyo inaitwa disleksia. Mara nyingi iko kwenye ukoo, kwa hiyo jiulize: kuna mjomba au shangazi aliyekuwa mjanja wa kila kitu isipokuwa kusoma? Wapo pia wanaopata shida ya aina hiyo kwenye namba.

Kiswahili kinaweza kuificha hali hii. Lugha yetu inasomwa kama inavyoandikwa, hivyo mtoto anaweza kukariri “ba, be, bi, bo, bu” na kupita darasa la kwanza na la pili bila mtu kushtuka. Dalili yake kubwa inakuwa mwendo: anasoma kweli, ila silabi moja moja, jasho linamtoka, na akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo. Darasa la tatu na la nne, habari zinapokuwa ndefu, anaachwa nyuma.

Wengine huvuka hapo kwa juhudi, wakaanguka kidato cha kwanza. Kiingereza kinakuwa lugha ya kufundishia, na chenyewe hakisomwi kama kinavyoandikwa. Mzazi anashangaa: “Mbona msingi alikuwa anajitahidi?”

Kuchanganya b na d akiwa na miaka 6 ni kawaida. Akiwa na miaka 9 bado anazichanganya, na ukimsomea wewe anajibu maswali yote vizuri, hapo uulize.

4. Hatulii hata dakika tano?

Watoto wote wana fujo. Lakini yupo ambaye hawezi kukaa hata anapotaka, anapoteza kalamu kila siku, anajibu kabla swali halijaisha na anaanza kazi tano bila kumaliza moja. Yupo pia wa kimya, hasa wasichana, ambaye mwili umetulia ila mawazo yametoka nje ya dirisha. Wataalamu huiita hali hii ADHD.

Kigezo muhimu ni kwamba inaonekana kila mahali na kwa muda mrefu: nyumbani, shuleni, hata kanisani au madrasa. Kama hatulii kwa mwalimu mmoja tu, tatizo linaweza kuwa jingine. Na kabla ya yote hakikisha analala. Mtoto anayeishi jirani na karasha linalonguruma usiku kucha, au baa inayopiga muziki hadi alfajiri, atakuwa hivyohivyo kwa kukosa usingizi.

Usonji nao una alama zake: mtoto huchelewa kuongea au huongea kwa namna yake, hakwepeshwi na ratiba aliyoizoea, kelele humuumiza, na kucheza na wenzake kunampa taabu. Kadiri anavyoonwa mapema na mtaalamu, ndivyo anavyosaidiwa zaidi.

5. Moyo wake uko salama?

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani ana tatizo la afya ya akili. Kwa mtoto, huzuni na hofu mara nyingi hazitoki kwa maneno. Hutoka kama hasira, tumbo linalouma kila Jumatatu, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, au alama zinazoporomoka ghafla.

Neno la kushika ni “ghafla”. Mwenye tofauti ya kujifunza kwa kawaida amehangaika tangu mwanzo. Aliyekuwa wa tano akawa wa 60 ndani ya muhula mmoja, kuna kitu kimetokea.

Kwenye ukanda huu vitu vya kutokea havikosekani. Duara limeanguka na ndugu hakutoka. Baba ameenda rashi, miezi sita hapigi simu. Nyumbani kuna pombe na kipigo. Mtu mzima anamgusa isivyofaa. Kwa familia zenye watoto wenye ualbino, wimbi la mauaji ya Kanda ya Ziwa lililoanza kusikika sana miaka ya 2007 na 2008 lilifanya watoto wengi watenganishwe na wazazi ili wawe salama. Usalama waliupata, lakini kulala mbali na mama kwa miaka nako kunaacha alama.

Usimhoji mtoto kama polisi. Ongea naye mkiwa mnafanya kitu pamoja, mnachambua mchele au mnatembea kwenda kisimani. “Mwanangu, shuleni kuna kitu kinakuogopesha?” Kisha nyamaza, msikilize. Akisema amefanyiwa ukatili, mwambie umemwamini na si kosa lake.

Akizungumzia kufa au kujiumiza, usichukulie ni deko. Muulize waziwazi. Kuuliza hakumpi wazo jipya, kunampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa za mifugo karibu naye, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

6. Aliwahi kuugua sana?

Malaria bado ni tatizo kubwa Kanda ya Ziwa, na ile iliyomfikisha mtoto kwenye degedege na kupoteza fahamu inaweza kuacha athari kichwani hata baada ya kupona. Utafiti uliofanyika Kampala, Uganda, ulionyesha kuwa miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuzingatia.

Siko seli nayo humkosesha mtoto shule kwa maumivu, na inaweza kusababisha kiharusi hata kwa mtoto mdogo. Kuna pia kifafa kisicho cha kuanguka: mtoto “anaganda” kwa sekunde chache, macho yametulia, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Ikijirudia mara nyingi kwa siku, somo linamfika likiwa vipande vipande huku mwalimu akidhani anaota mchana. Dawa za kifafa zipo na watoto wengi hutulia nazo.

Ukienda hospitali, mwambie daktari historia yote, tangu uzazi wenyewe ulivyokuwa.

7. Zebaki iko umbali gani na chakula chake?

Hili ndilo la kipekee kwa ukanda wa dhahabu. Wachenjuaji huchanganya mchanga na zebaki, zebaki inaishika dhahabu, kisha bonge hilo linachomwa. Zebaki haiishi pale. Inageuka mvuke usioonekana wala kunuka, na mtu akiuvuta unaingia kwenye damu hadi kwenye ubongo. Kwa mjamzito, unapita hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Ubongo wa mtoto bado unajengwa, ndiyo maana kiasi ambacho mtu mzima hakioni kinamfanya nini kinaweza kumdhuru yeye: kumbukumbu, umakini, mikono kutetemeka, hasira zisizo na sababu.

Dunia ilijifunza hili kwa machungu katika mji wa Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Wapo akina mama walioonekana wazima lakini wakazaa watoto wenye madhara makubwa ya ubongo. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo. Ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sumu ya Minamata ilipita kwenye samaki. Mwaloni, hatari ya kwanza ni mvuke. Kwa hiyo:

- Usichome dhahabu nyumbani, jikoni wala kwenye chombo cha kupikia.
- Watoto na wajawazito wasikae karibu na panapochomwa. Panapowezekana tumieni retoti, kifaa kinachonasa mvuke.
- Vua nguo za kazi na oga kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.
- Zebaki isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au maji.

Ubongo ulioharibika kwa zebaki hauna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Lakini kumwondoa mtoto kwenye mvuke leo kunazuia madhara yasiongezeke. Na sheria iko wazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini.

Vipi kuhusu fimbo?

Wazazi wengi walichapwa na wanaamini iliwasaidia. Lakini fimbo haimwonyeshi herufi mtoto asiyeiona, wala haiondoi hofu kwa mwenye hofu. Inamfundisha kuficha. Atapasua mtihani, atatoroka, ataanza kushinda mwaloni.

Shuleni nako kuna mipaka. Kanuni zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, viandikwe kwenye daftari, na viwe kwa makosa mazito ya nidhamu. Kushindwa kusoma si kosa la nidhamu. Mzazi ana haki ya kwenda kuuliza, kwa heshima.

Mzazi anayetaka kumwombea mtoto au kufuata mila zao, afanye hivyo bila kuchelewesha kipimo. Mwaka mmoja wa kusubiri ni darasa zima limepita.

Anza wiki hii

*Andika.* Kwa wiki mbili, andika kwenye simu kila unachoona: amelala saa ngapi, amegoma nini, amefurahia nini. Daktari au mwalimu atakuelewa haraka kuliko ukisema tu “hafanyi vizuri”.

*Muone mwalimu wa darasa.* Uliza maswali haya: Anakaa wapi? Tatizo lilianza lini? Liko kwenye masomo yote au kusoma tu? Anacheza na nani? Anafanya nini vizuri? Kisha omba jambo moja dogo, mfano kukaa mbele au kuulizwa kwa mdomo.

*Dakika 10 kila siku.* Chagua muda ambao hajachoka wala hana njaa. Someni ukurasa mmoja tu. Wewe soma kwanza, yeye afuate kwa kidole. Kama unarudi usiku, rekodi sauti yako kwenye simu ukisoma habari ya kitabu chake, aisikilize huku anafuatilia maandishi. Kama husomi vizuri, mwombe kaka au dada yake mkubwa arekodi.

*Kazi moja kwa wakati.* Kwa asiyetulia, “fagia, osha vyombo, halafu fanya homuweki” ni maagizo matatu ambayo mawili yatapotea. Toa moja, likiisha toa jingine.

*Acha kulinganisha.* “Mwenzako mbona anaweza” haijawahi kumfundisha mtu kusoma. Sifia anachojitahidi, na usikubali aitwe kilaza, hata kwa utani.

Msaada uko wapi?

- Halmashauri: muulizie afisa elimu maalumu kuhusu upimaji na shule yenye kitengo, na afisa ustawi wa jamii kama kuna ukatili au mtoto anatumikishwa.
- Hospitali: anzia kituo cha afya, uombe rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Geita au Shinyanga. Yanayohitaji mabingwa hupelekwa Bugando, Mwanza.
- Simu 116: ni huduma kwa mtoto, ya bure. Mzazi, jirani au mtoto mwenyewe anaweza kupiga.
- Mitihani: Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu na kuwaandalia maandishi makubwa wenye uoni hafifu. Mwalimu lazima awataje mapema wakati wa usajili, kwa hiyo usingoje wiki ya mtihani.
- Aliyeshaacha shule: Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unaruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi. Na shule ya msingi ya serikali haina ada.

Mtoto yule wa darasa la nne bado ana ripoti yake mkononi. Kesho asubuhi, kabla ya karasha kuwashwa, baba anaweza kumpeleka barabarani, akamfunika jicho moja na kumuuliza kile kibao cha ng’ambo kimeandikwa nini. Kazi hiyo haichukui dakika tano, na huenda jibu likaanzia hapo.